Wawili Wawili hadi Nyalukemba

Bukavu, tarehe 15 Februari 1976

Maman mpenzi,

Nakusalimu sana, wewe na wote wa nyumbani, pamoja na yule mbuzi wako wa pembe moja ambaye unampenda kuliko sisi. Huku Nyalukemba tu wazima. Mvua inanyesha kila alasiri na matope yanaingia mpaka chumbani. Virginie ameanza darasa la kwanza, na tayari amemwambia mwalimu wake kwamba mimi ninakoroma. Shuleni ninapofundisha wametuletea madawati mapya mazuri, lakini chaki hakuna, kwa hiyo tunayatazama tu.

Mambo mengine ni ya kawaida. Philémon alipata pigo kidogo kichwani mwezi wa Novemba, Jumamosi moja ya salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, wanaume wa avenue yetu walipokuwa wakikata mikalitusi. Tawi lilimwangukia. Alilala hospitali kidogo, sasa yuko nyumbani anapumzika. Ndiyo sababu hatukuja Noeli. Usijisumbue kupanda huku, barabara ya Ngomo ni mbaya sana majira haya, na kila kitu kiko sawa.

Nakutumia sabuni na kile kikwembe cha kujifunga ulichoomba. Cha bluu kilikwisha sokoni, nimechukua cha manjano. Usiseme utafanana na ndizi. Kitakupendeza.

Binti yako,
Eulalie


Luvungi, 7 Machi 1976

Mwanangu Eulalie,

Salamu zimefika, sabuni imefika, kikwembe cha manjano kimefika. Ninafanana na ndizi. Majirani wameshasema, sikuhitaji kuuliza. Kwenye bahasha nimekuandika kwa jina la authenticité, lile la Kiafrika, kama serikali inavyotaka, lakini humu ndani wewe ni Eulalie, kwa maana mimi ndiye niliyekubeba mpaka kwa padri nikanyeshewa njia nzima. Mpunga umesimama vizuri mwaka huu. Mbuzi wa pembe moja amezaa mapacha, na wote wana hasira kama yeye.

Sasa tuongee. "Pigo kidogo." Ramazani, huyu dereva anayetubebea barua, hajui kusoma, lakini habari za watu zote anazo. Alishusha mizigo yake, akakaa, akala bugali yangu, akanawa mikono taratibu, halafu ndipo akaniambia: "Maman Domitille, pole sana ya mukwe yako. Alilala ku hopitali wiki tatu bila kuamuka. Na sasa anapoteaka hata pa kuenda kuchota mayi. Géomètre muzima! Alikuwa anapimiaka batu viwanja, leo hajue mulango ya nyumba yake."

Wiki tatu bila kuamka! Na wewe unaniandikia habari za chaki.

Jina la mkwe wangu sitalitaja, desturi yetu unaijua. Sijalitaja tangu siku ya posa na sitaanza leo. Lakini yule mwenye nyumba yako ninamheshimu. Hakuna mkwe bonde zima aliyemkimbia mamamkwe wake kwa adabu kumshinda yeye. Unakumbuka siku nilipokuja bila taarifa? Aliruka dirisha, akajificha kwenye banda la kuku, akakaa humo mpaka nilipoondoka, huku kila mara akituma mtu aniulize kama nimekunywa chai. Huyo ndiye mwanaume niliyempa binti yangu. Kama Ramazani anasema kweli, mwanaume huyo amekwisha, na wewe bado kijana.

Chumba cha nyuma nimekipaka chokaa. Mchukue Virginie, mshuke na Ramazani. Yule ana ndugu zake, watamtunza.

Jibu haraka.

Mama yako,
Domitille


Bukavu, 25 Aprili 1976

Maman,

Salamu nyingi. Umesema nijibu haraka, lakini barua yako imekaa mwezi mzima ndani ya koti la Ramazani. Gari lake lilikufa Sange, na kwa jinsi anavyousifu ugali wa mwenye nyumba aliyempokea huko, nadhani hakumharakisha fundi. Virginie amekua. Anaomba umchagulie jina mbuzi mmoja kati ya mapacha, aitwe Virginie pia.

Basi, nitasema. Ramazani hakukudanganya. Nilinyamaza kwa sababu nilijua utapaka chumba chokaa.

Mguu wake wa kushoto unaburuta. Maneno yanamjia kwa kuchelewa, au yanakuja mengine. Akitaka kijiko anasema "askofu". Mwanzoni nilikuwa nakwenda jikoni kulia. Siku hizi akiomba askofu tunampa kijiko, anakula, maisha yanaendelea. Akitoka peke yake anapotea, na watu wa avenue wanamrudisha, wale ambao hawamwogopi. Wengine wanavuka barabara wakimwona. Wanasema amerogwa. Kaka yake, tonton Edouard, alikuja mara moja, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja gari.

Na haya imemtoka kabisa, maman. Alimwambia mkubwa wa avenue kwamba domo lake linanuka. Ni kweli linanuka, lakini tulikuwa tumekubaliana wote kutosema. Na wewe anakutaja! Mezani, mbele ya wageni, anasema kwa sauti: "Sombe ya Maman Domitille inakosaka chumvi." Jina lako zima, mchana kweupe. Nilitaka kuingia chini ya meza.

Lakini kuna jambo jingine. Kuna mtawa mmoja muuguzi, Soeur Colombe, mwembamba, mkali kama pilipili. Kila Jumanne anawakusanya uani mwa kanisa watu walioumia kichwani: dereva aliyepinduka Ngomo, mwashi aliyeanguka kutoka juu ya ukuta, na wengine. Wanajifunza upya kutembea katikati ya mabenchi mawili, wanajifunza kutaja vitu. Na unajua nini? Asiyeweza kusema anaweza kuimba. Philémon hawezi kuomba kijiko, lakini Gloria ya misa anaiimba yote bila kukosa neno. Nilipomsikia mara ya kwanza nilikaa nikamsikiliza mpaka mwisho.

Sasa Soeur anataka wapate nyumba yao ya mazoezi nyuma ya kanisa. Mwezi wa Agosti kutakuwa na mbio, kutoka Kadutu mpaka hapa Nyalukemba. Kila mkimbiaji anatafuta watu wa kumwahidi kitu: mbao, bati, mkeka, mfuko wa saruji. Akifika, wanatoa. Na wagonjwa wenyewe watakimbia.

Siji Luvungi, maman. Asante kwa chokaa.

Eulalie


Luvungi, 16 Mei 1976

Mwanangu,

Salamu kwanza, kwa sababu mimi bado nina adabu. Mbuzi mdogo ameitwa Virginie, na jana amekula fulana ya katekista. Ndugu yako Marcellin ana malaria lakini anaendelea vizuri.

Sombe yangu inakosa chumvi? Mimi nimetwanga majani ya muhogo na kutia chumvi kwenye sombe kabla yule hajazaliwa. Alikula sombe yangu miaka saba, sahani inatumwa kwake kwa mkono wa mtu, sahani inarudi tupu, salamu za shukrani juu. Kumbe miaka saba yote alikuwa anaficha!

Hilo tuliache. Nimesoma habari za mbio zako mara mbili nisielewe. Mtu akikimbia huku Luvungi, ni kwamba kuna nyoka, au kuna askari, au ameiba. Huyo mtawa anawakimbiza wagonjwa ili apate bati? Na huyo mwenye mguu wa kuburuta ateremke kutoka Kadutu, apite Nyawera na magari yake yote, afike kwenu? Hatafika. Mimi ni mama, ninasema kile ambacho nyinyi hamthubutu kusema. Atapotea, ataanguka, mtachekwa mji mzima.

Kwa hiyo tuwekeane masharti, wewe na mimi. Akifika kwa miguu yake mwenyewe, bila kubebwa na bila kuvutwa, natoa gunia zima la mchele wangu kwa nyumba ya Soeur, na habari ya chumba cha nyuma sitaisema tena mpaka kufa. Asipofika, unashuka na mtoto kabla ya shule kufunguliwa, bila machozi na bila barua nyingine.

Andika ndiyo au hapana. Usiniandikie chaki.

Mama yako,
Domitille


Bukavu, 20 Juni 1976

Maman,

Salamu, na ndiyo.

Marcellin apewe uji mwepesi, na katekista apewe pole. Jua limeanza, vumbi limechukua nafasi ya matope. Mimi ni mzima. Nalala vizuri.

Mazoezi tunafanya kila jioni. Philémon anashuka mpaka ziwani na kurudi, mimi nyuma yake, na wamama wanaouza samaki ndagala njiani wanampigia makofi. Wengine walikuwa wanavuka barabara zamani. Siku moja mmoja alimuuliza: "Papa, unakimbiaka kuenda wapi?" Akafikiri sana, akajibu: "Ku nyumba." Alikuwa anakwenda upande wa kinyume, lakini jibu lilikuwa zuri.

Wakubwa wa commune wametoa ruhusa, mradi tu tuanze na wimbo mmoja wa chama. Soeur Colombe ameweka sheria zake. Kila mgonjwa atakimbia na mzima mmoja, mkono kwa mkono, wamefungwa kwa kipande cha kikwembe. Wawili wawili mpaka Nyalukemba. Hakuna anayekimbia bila kufungwa, na hakuna anayefika peke yake. Na mke haruhusiwi kufungwa na mume wake! Nilikataa, nikapiga kelele. Akaniambia wake wanawavuta waume zao kama mbuzi wa sokoni, na aliyevutwa hajifunzi kutembea. Kwa hiyo mimi nitakuwa hapa mwisho wa njia, uani mwa kanisa, napika maharage ya wakimbiaji.

Wa kufungwa na Philémon ni tonton Edouard. Soeur alimwomba mbele ya waumini wote baada ya misa, angekataaje? Tangu siku hiyo hajaonekana kwenye mazoezi. Anasema moyo wake uko tayari. Mimi wasiwasi wangu ni tumbo lake.

Siku ni Jumapili tarehe nane Agosti.

Eulalie


Luvungi, 18 Julai 1976

Mwanangu,

Tumevuna. Mgongo unaniuma, mchele ni mweupe, nashukuru Mungu kwa yote mawili. Marcellin amepona, na ameanza tena kubishana.

Gunia litakuja na Ramazani siku yenyewe. Akifika yule, lishushwe. Asipofika, Ramazani atarudi na gunia, na wewe, na Virginie. Nimeshamwambia aache nafasi.

Mimi siji. Umeniuliza mara mbili kupitia kwa Ramazani, jibu ni hilo. Mamamkwe akae kando ya barabara amtazame mkwe wake akipita na kaptula? Nimeishi na heshima yangu mpaka leo, sitaitupa kwa ajili ya magoti ya mtu.

Mama yako,
Domitille

Virginie hupenda kulala upande wa ukuta au upande wa mlango? Nauliza tu.


Bukavu, 11 Agosti 1976

Maman,

Sitakusalimu sana leo, kwa sababu tulionana Jumapili na wewe hukunisalimu.

Nieleze. Mimi nilikuwa uani na sufuria zangu. Wakaanza kufika. Wanafunzi kwanza, na kelele zao. Wakaja wamama wa kwaya. Akaja mwashi na mwenzake, akaja dereva wa Ngomo analia na mwenzake analia. Kila wakifika wawili, kengele inapigwa, mtu anasimama anasema "mbao zangu hizi", "mkeka wangu huu". Wakala. Wakaanza kwenda nyumbani. Philémon hakuna.

Halafu akaja tonton Edouard, peke yake, shati kavu kabisa, bia inanuka toka mbali. Anasema: "Nilimupoteza mu batu, Eulalie. Niliingia tu kidogo kunywa mayi." Nilitaka kukimbia kwenda kutafuta, Soeur Colombe akanishika mkono akaniambia ningoje. Nilikaa juu ya jiwe. Maharage yaliungua, hakuna aliyethubutu kuniambia.

Ndipo nikaona kitu cha manjano kule kwenye kona.

Maman, mlikuwa mnatembea polepole kama watu wa maandamano ya Sakramenti. Wewe miguu mitupu, viatu mkononi. Yeye anaimba Gloria. Mkono wako umefungwa kwenye mkono wa mkwe wako, kwa kile kitambaa, mbele ya watu! Na nyuma yenu Ramazani na gari lake na gunia lake, anapiga honi kama mwenye harusi. Kengele ilipigwa mpaka kamba yake ikakatika.

Halafu ukafungua fundo, ukageuka, ukapanda gari. Hukunywa hata maji. Hata kichwa cha Virginie hukukigusa. Gunia likashushwa, na kamba mpya ya katani juu yake, sijui ni ya nani, na viatu vyako vimebaki juu ya jiwe langu.

Kilitokea nini kule njiani? Philémon nimemuuliza. Anacheka, anasema: "Ni ya mi na maman."

Na katika masharti yetu, nani ameshinda?

Eulalie


Luvungi, 5 Septemba 1976

Mwanangu,

Salamu kwenu nyote. Joto ni kali. Tunangoja mvua za kwanza tupande mahindi. Virginie mbuzi amepotea siku nzima, akapatikana kanisani. Marcellin anataka kuoa, mimi ninataka kwanza amalize paa. Bei ya chumvi imepanda.

Viatu mpe Ramazani.

Kuhusu lile jambo jingine sina la kusema.

Domitille


Bukavu, 26 Septemba 1976

Maman,

Salamu. Viatu hivi hapa, nimevipaka rangi.

Kuta za nyumba ya mazoezi zimefika kwenye madirisha. Mwashi mwenyewe ndiye anayeonyesha wengine jinsi ya kupanga matofali, kwa mkono wake mmoja mzuri. Mchele wako tunakula Jumanne zote, na kila mtu anauliza jina la maman aliyeutoa. Tonton Edouard sasa anakuja kila Jumanne bila kuitwa, anafungwa kitambaa na Philémon, wanazunguka uwanja. Hatuongei juu ya bia. Inatosha kwamba anakuja.

Hutaki kusema, basi nitaanza mimi. Niliandika kwamba nalala vizuri. Nilikuwa silali. Valizi ilikuwa chini ya kitanda tangu Julai, nguo zangu na za Virginie, imefungwa. Nilikubali masharti yako haraka kwa sababu nilikuwa nimechoka, maman, nimechoka mpaka kwenye mifupa, na nilitaka mtu mwingine aniamulie. Siku ile nilikoroga maharage nikiomba afike, na nikiomba asifike. Nilikuwa naomba yote mawili kwa Mungu mmoja.

Nilipokuona wewe kwenye kona, nililia. Nilidhani umekuja kunichukua. Na badala ya kunichukua, umemleta.

Valizi nimeifungua. Philémon ni mume wangu na ninampenda, na vijiko vyote vya nyumba hii viitwe maaskofu. Lakini nataka kujua. Wewe uliyekuwa na hakika kuliko wote, ni nini kilikugeuza?

Binti yako,
Eulalie


Luvungi, 17 Oktoba 1976

Mwanangu Eulalie,

Salamu kwako, kwa Virginie, na kwa mwenye nyumba yako. Mvua imeanza. Nimesoma barua yako nikiwa shambani, nikakaa kwenye tuta, na Marcellin akafikiri nimeumwa na nyoka.

Umesema yako, nitasema yangu, halafu tusiulizane tena.

Nilipanda na Ramazani kwa sababu nilijua yule hatafika. Kile kikwembe cha manjano nilikivaa kwa kuwa ndicho kipya. Kamba ya katani ilikuwa ya kufungia godoro lenu. Tulipofika Nyawera njia imefungwa, mbio zinapita, ikabidi Ramazani asimame. Nikakaa juu ya gunia nikangoja. Wakapita wote. Barabara ikafunguliwa. Ndipo nikamwona.

Amesimama katikati ya njia panda na ile kaptula, kitambaa kinaning'inia mkononi. Edouard wake alikuwa ndani ya kabare ya pombe ya pembeni, nilimsikia akicheka. Magari yanapiga honi. Anatazama njia hii, anatazama ile. Huyu mtu aliyeupima mji huo wote kwa mnyororo na alama zake nyekundu, hajui ipi ni ya kwake. Na hakulia, hakuita mtu. Anangoja tu.

Mwanangu, nilikuwa nimeshinda. Ilibaki kujifunika uso na kugeuka, kama desturi inavyonitaka, na kumwambia Ramazani aende zake Nyalukemba kuwabeba. Nilijifunika. Nilikuwa nimeshageuka. Basi akaniita, kwa sauti yote, mbele ya soko zima la Nyawera:

"Maman Domitille! Unafanana ndizi!"

Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka mpaka kikwembe kikaniteleza kutoka usoni, na mamamkwe akishacheka mbele ya mkwe wake hana tena pa kujificha. Wamama wa soko wakacheka, Ramazani akacheka. Nikashuka kwenye gari. Akaninyooshea ule mkono wenye kitambaa, akasema: "Funga." Nikafunga.

Tukaanza kwenda. Viatu vikanibana, nikavua. Mimi nilitaka tukimbie, aibu ipite upesi. Yeye akanizuia. Kila nikiongeza mwendo, ananivuta nyuma. Nilidhani ni mguu. Nikamwambia: "Pole, mwanangu, mguu unauma?" Nikajikuta nimeshamwita mwanangu. Akatikisa kichwa. Maneno yalichukua muda mrefu kumfikia, tulipita nyumba nyingi, halafu yakaja yote mahali pake, hakuna askofu hata mmoja:

"Maman, najua ulikuya kurudisha Eulalie kwenu. Tuende polepole."

Alijua. Wakati sote tulikuwa tunaongea juu yake kama kiti, alikuwa anajua. Mguu wake unaweza, Eulalie. Angeweza kufika pamoja na wanafunzi. Alichelewa kwa sababu alidhani mwisho wa njia anakupoteza.

Nikaenda mwendo anaoutaka, na yeye akaanza kuimba. Pale kwenu nilipanda gari bila kusema kwa sababu nilikuwa nalia, na wewe ulikuwa unanitazama, na mimi sikukulea ili unione nalia hadharani.

Kuhusu masharti: hakubebwa, na aliyevutwa ni mimi. Ameshinda. Mdomo wangu umefungwa.

Lakini kuna jambo la desturi, hilo halina mzaha. Wazee wa hapa wamesikia, Ramazani amehakikisha kwamba wamesikia. Wanasema mkwe aliyemshika mamamkwe wake mkono lazima alete mbuzi. Mbuzi akifika, haya inaondoka, tunaweza kutazamana na kula sahani moja. Basi alete mbuzi, jike, asiwe na hasira kama wangu. Sombe nitapika mimi mwenyewe, na chumvi atatia yeye.

Chumba cha nyuma nimetoa kitanda kidogo, nimeweka cha watu wawili. Virginie atalala upande wa ukuta, hukunijibu, nimeamua.

Njooni Noeli. Na mwambie Philémon kwamba safari hii anaweza kukimbia.

Mama yenu,
Domitille